Habari ya Kifo Ina Wenyewe

Marehemu ana wenyewe, na habari ya kifo chake ina wenyewe vilevile. Mama, baba, mume, mke, watoto, ndugu wa tumbo moja: hawa wana haki ya kuambiwa kwanza, tena kuambiwa na mtu, wakiwa mahali ambapo wanaweza kulia. Zamani haki hii ilijilinda yenyewe, maana habari ilikwenda kwa miguu, kwa basi au kwa posta, na aliyeibeba alikuwa ametumwa. Leo inalindwa na kidole cha kila mmoja wetu mwenye simu. Ndilo ninalotaka tuzungumze, ndugu zangu. Katika mambo yote ambayo intaneti imeyageuza katika kupashana kwetu habari, hili linaumiza watu mno, na tunalizungumza kidogo mno.

Wenye umri wangu watakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa yake ikifika, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji alisoma jina la anayetangaza msiba na uhusiano wake na marehemu, akataja msiba uko wapi na maziko ni lini, kisha ukaja msururu wa majina: habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Korogwe, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Kenya nako watu walikuwa wakisikiliza matangazo kama hayo KBC. Nchi nzima ilisikia, lakini aliyelipeleka tangazo kituoni alikuwa mfiwa mwenyewe au mtu aliyetumwa na wafiwa. Aliliandika, akalilipia, jina lake likasomwa hewani. Mpita njia aliyeona machela ikitoka wodini hakuwa na namna ya kwenda redioni kumtangaza marehemu kabla mkewe hajajua.

Na pale ilipowezekana kumfuata mtu, alifuatwa. Wazee hawakumtuma yeyote tu aliyekuwa karibu. Walimchagua mtu mzima, mwenye kifua. Alifika, akabisha hodi, akakaribishwa, akaomba maji hata kama hana kiu. Akauliza kama wameshakula. Akapitisha macho: nani yupo, nani ana mimba, nani ana presha, watoto wako wapi. Akamwita shemeji au jirani pembeni wakanong'ona. Mwishowe akasema mzee amezidiwa, jiandaeni twende. Mtu alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza akiwa na nusu ya tumaini, na ukweli akaukuta aliposhuka na kuona turubai limefungwa uani na watu wameketi jamvini. Lakini kabla goti halijagusa chini, palikuwa na shangazi amekwisha kumshika.

Sisemi kila kitu katika desturi ile kilikuwa chema. Kumwambia mtu mzima kwamba mgonjwa amezidiwa ilhali kaburi linachimbwa ni kumnyima haki yake, na wapo waliobaki na kinyongo miaka na miaka kwa sababu walifichwa. Mimi mwenyewe nadhani mtu mzima aambiwe kweli. Ila tutazame wazee walikuwa wanatafuta nini. Walitaka ukweli umfikie mtu akiwa mikononi mwa watu. Hilo ndilo tumelipoteza, wala hatukukaa kikao kuamua kuliacha.

Binti mmoja wa Tanga aliyeko Muscat, anayefanya kazi za ndani huko, alinisimulia jinsi alivyojua kwamba baba yake amefariki. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Amekwisha kuosha vyombo, ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, akashika simu apumzishe akili kidogo. Akafungua stetasi za jamaa. Ya kwanza ilikuwa ya binamu yake: picha ya baba, ile ya Idi, amevaa kanzu na koti, picha aliyoipiga yeye mwenyewe kabla hajasafiri. Akatabasamu. Chini yake pameandikwa: Tangulia mzee wetu. Anasema aliyasoma maneno yale na kuyarudia, yasimwingie. Akasogeza. Stetasi ya pili, picha ileile. Ya tatu, picha ileile, safari hii imegeuzwa nyeusi na nyeupe.

Akampigia mama, simu haipokelewi. Akampigia kaka, inatumika. Akaingia kwenye kundi la ukoo, akaanza kupandisha meseji juu, akipita dua na alama za mikono iliyounganishwa, hadi akalikuta neno la kwanza kabisa. Lilikuwa limerushwa na kijana wa jirani, aliyeingizwa kundini wakati wa michango ya harusi na hakuna aliyekumbuka kumtoa: "Mzee katutoka jamani, nipo hapa hospitali." Na wakati huohuo bibi mwenye nyumba alikuwa anaita, wageni wamefika, chai iko wapi.

Sasa sikieni lililokuwa likiendelea upande wa pili. Kaka yake hakuwa amelala. Alipotoka wodini, simu ya kwanza aliyopiga ilikwenda Muscat, kwa rafiki wa dada yake anayekaa mtaa wa Ruwi. Alimwomba achukue teksi, aende pale nyumbani, aombe ruhusa kwa wenye nyumba, akae na mwenzake, ndipo amwambie. Yule rafiki alikuwa njiani. Alipofika, alimkuta mwenzake sakafuni.

Katika kisa hiki simwoni mtu mbaya. Binamu aliyeweka stetasi alimpenda mzee, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kijana wa jirani ndiye aliyesaidia kumpakia mgonjwa kwenye gari alfajiri. Kila mmoja alifanya kile ambacho siku hizi tunakiona ni cha kawaida, tena ni cha heshima: kuonyesha kwamba tumeguswa. Ndiyo maana nasema jambo hili linahitaji nasaha. Uovu tungeukemea. Huu ni upendo uliokosa utaratibu, na mwenye nao hajui kwamba amejeruhi.

Simshauri mtu atupe simu. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na simu janja zikashuka bei miaka iliyofuata, misiba yetu ilipata msaada mkubwa. Muislamu huzikwa upesi, na leo ndugu walioko Tanga, Pangani na Mombasa wanaweza kupata saa ya jeneza kwa ujumbe mmoja na kuwahi. Rambirambi zinazopita kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimenunua sanda na kukodi magari mahali ambapo zamani wafiwa wangekopa dukani. Mtu aliye Toronto au Doha anaweza kuyatazama maziko ya mama yake kwa video, akaitikia amini pamoja na waliosimama kaburini. Hayo ni mema, na anayeyapinga hajawahi kufiwa akiwa mbali.

Tatizo ni haraka ya saa ile ya kwanza. Kuna kitu kinamwingia mtu anapojua jambo kubwa ambalo wengine hawajalijua. Kifua kinakuwa kizito, anataka kulitua. Anaandika, na mara meseji zinamiminika: Mungu wangu! Lini? Umeambiwa na nani? Ilikuwaje? Kwa dakika chache yeye ndiye anayeulizwa, yeye ndiye anayejibu. Ni udhaifu wa binadamu yeyote na haukuletwa na simu. Simu imeuondolea vizuizi tu.

Biblia inacho kisa cha mtu wa namna hii, katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi, ameuawa vitani. Kijana Ahimaasi, mwana wa Sadoki, anamwomba jemadari Yoabu ampe ruhusa akimbie kumpasha mfalme habari. Yoabu anamkatalia, kwa sababu mtoto wa mfalme amekufa, na badala yake anamtuma mtu mwingine, Mkushi. Ahimaasi hatulii. Anaomba tena na tena mpaka anaachiwa, anapita njia ya uwanda, anampita Mkushi na kufika wa kwanza. Mfalme hana swali lingine: anataka kujua kama kijana wake yu salama. Hapo Ahimaasi anakosa la kusema. Anajibu kwamba aliona ghasia kubwa, hakujua ni nini. Mfalme anamwambia asogee kando, asimame pale. Habari yenyewe inatolewa na yule aliyetumwa, aliyefika baadaye.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila ninapoona meseji ya "nasikia kuna msiba kwa kina fulani, mwenye taarifa zaidi atujuze" namkumbuka Ahimaasi. Amewahi kufika, lakini hakuwa na cha kumpa baba aliyekuwa anangoja. Alichofanya ni kuongeza hofu na kusimama kando.

Waislamu nao wanao mfano wa upande wa pili, wa aliyejua kuibeba habari. Ummu Sulaym alifiwa na mtoto mdogo wakati mumewe, Abu Talha, hayupo nyumbani. Akawaambia watu wa nyumbani wasimwambie mumewe, wamwachie yeye. Abu Talha aliporudi, alikula, akapumzika. Ndipo mkewe akamuuliza: watu wakiwaazima wengine kitu, kisha wakakitaka, je, walioazimwa wana haki ya kukizuia? Akasema hapana. Ndipo akaambiwa habari za mwanawe. Abu Talha hakupendezwa na kucheleweshwa, akaenda kumweleza Mtume, na Mtume akawaombea baraka. Masheikh wetu hukisimulia kisa hiki kufundisha subira. Mimi nakitazama pia kwa neno lile la mwanzo: msimwambie, niachieni mimi. Aliyekuwa karibu zaidi na msiba ndiye aliyeshika usukani wa habari yake, na waliomzunguka wakamtii. Huko ndiko kumheshimu mfiwa.

Sasa tuangalie vyombo vyenyewe, maana wengi tunavitumia bila kujua namna vinavyofanya kazi. Ukiweka stetasi kwenye WhatsApp, kama hukuchagua vinginevyo, inaonekana na kila ambaye umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako, kwa saa 24. Huchagui nani aione kwanza. Mtoto wa marehemu aliye bwenini na simu ya kuazima, mjomba anayeendesha lori usiku, dada aliyejifungua juzi, wote wanaona kwa wakati mmoja na mwenye duka unayeagiza kwake vitenge. Kundi nalo, tangu mwaka 2022, linaweza kubeba watu hadi 1,024. Hata kundi la ukoo lenye watu 80 halina tena mtu anayejua nani yumo. Wamo wakwe, wamo waliotalikiana, wamo watoto waliopewa simu za wazazi.

Wengine hudhani kosa linafutika. Ni kweli, tangu mwaka 2017 unaweza kuufuta ujumbe kwa wote. Lakini mahali pake panabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa. Fikiria kundi la ukoo ambalo bibi yuko hospitali, saa tisa usiku mpwa anaandika kitu kisha anakifuta. Walio macho wataanza kupigiana, na kila asiyepokea simu atahesabiwa kuwa analia. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona kwamba mwendo umekuwa wa hatari. Baada ya watu kuuawa India kwa sababu ya uvumi ulioenezwa kwa simu, ilianza kupunguza usambazaji mwaka 2018, na Januari 2019 ikaweka kikomo dunia nzima: ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano tu kwa mkupuo. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mno ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja kwa wakati. Kama waliotengeneza chombo wamekitia breki, sisi tunaokitumia kwenye misiba ya mama zetu tutashindwaje kujizuia kwa saa mbili?

Wapo watakaosema serikali itunge sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomshika anayetangaza habari za uongo kwa kujua. Kenya ina yake ya mwaka 2018. Lakini yule kijana wa jirani hakusema uongo. Mzee alikuwa amefariki kweli. Mambo kama haya mahakama haiyafikii, yanafikiwa na adabu peke yake. Na pale habari inapokuwa ya uongo, aibu yake haifutiki: wapo waliotangaziwa dua za marehemu wakiwa hai kitandani, kwa sababu mtu aliwaona wamezimia na wauguzi wanakimbia, akamaliza hesabu mwenyewe. Surat Al-Hujurat inawaamuru waumini waichunguze habari inayoletwa na asiyeaminika wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, na Mtume amefundisha kwamba kusimulia kila unachokisikia kunatosha kumwingiza mtu katika uongo.

Lililo zito kuliko yote ni picha.

Tulikua tukiona jambo moja kwenye barabara zetu. Ajali ikitokea, kabla polisi hawajafika, wanawake wa kijiji cha karibu walitoka mbio, na mwenye kanga mbili aliivua moja akamfunika maiti asiyemjua. Kanga ile hakuidai tena. Mwanamke yule hakuuliza kabila wala dini ya marehemu, alichojua ni kwamba huyu ni mtoto wa mtu na hafai kulala hivi mbele ya macho. Na wanaoosha maiti wanafundishwa hadi leo kwamba unachokiona wakati wa kuosha unakwenda nacho kaburini kwako. Ukiona kovu, ukiona alama, ukiona uso umebadilika, husimulii, hata kwa mumeo.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia mafuta, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Kabla ya jua kutua, video za watu wanaotembea wakiwa wameungua zilikuwa zimeingia kwenye simu za nchi nzima, na katika simu hizo zimo za wake zao na watoto wao. Nawaomba mlitafakari hili bila kulikimbia. Yupo mtu aliyemtambua ndugu yake kwa video aliyorushiwa na mtu anayemtakia mema.

Januari mwaka huohuo, magaidi waliposhambulia jengo la Riverside, Nairobi, na watu 21 wakauawa, gazeti la New York Times la Marekani lilichapisha picha ya miili ya waliouawa ikiwa imeinamia meza. Wakenya walighadhibika, wakapaza sauti mitandaoni, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likalitaka gazeti liiondoe. Niliwaunga mkono kwa moyo wote. Lakini ghadhabu ile itakuwa na nguvu tu ikiwa tunaihifadhi heshima hiyohiyo kwenye makundi yetu wenyewe. Hatuwezi kumkataza mgeni kumvua maiti wetu nguo, halafu sisi tukawa tunamvua kila ajali inapotokea Kitonga au Sachang'wan, kwa kisingizio cha kuandika "tuwaombee".

Kwa hiyo unapoikuta habari mkononi mwako, jiulize kwanza kama ni yako. Kama si yako, uliza neno moja tu, tena kwa kumpigia mtu wa nyumba hiyo, usiandike kundini: wenyewe wameshajua? Hadi upate jibu, nyamaza. Ukimya wako hautazuia maziko. Kama uko hospitali na umeshuhudia, mtafute mkubwa wa familia aliyepo, mkabidhi, kisha mwulize unamsaidiaje. Mara nyingi atakupa kazi ya maana kuliko kutangaza: kuleta gari, kwenda kumchukua mtoto shuleni, kukaa na bibi.

Wafiwa nao wana wajibu, hata katika uchungu. Mteueni mtu mmoja mapema, asiyelia sana, aandike tangazo: jina kamili la marehemu, saa, msiba uko wapi, maziko lini, namba ya kupokea rambirambi. Hapo ndipo mlango umefunguliwa, kila mtu aandike, aweke picha, aombe dua. Familia nyingi sasa zina wagonjwa wa muda mrefu. Si uchuro kukaa na kukubaliana kwamba likitokea la kutokea, fulani atapiga simu kwa walioko nje, fulani kwa upande wa mama, na hakuna atakayeweka chochote kabla hao wawili hawajasema wamemaliza. Wazee walipanga mambo haya kwa kunong'onezana barazani. Sisi tunaona haya kuyapanga, kisha tunashangaa yanapovurugika.

Na tangazo likishatoka, tuwe na huruma katika kujibu. Usimwandikie mfiwa kumuuliza amekufa na nini. Akitaka ujue, atakusimulia. Usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika sita ukieleza ulivyoshtuka wewe. Wala usihesabu umetoa pole kwa sababu umebandika alama ya mikono chini ya wenzako themanini. Kama unamjua, mpigie siku ya tatu au ya nne, watu wakishaanua tanga na nyumba imekuwa kubwa.

Yule binamu wa Tanga, siku moja aliambiwa na mtu yaliyotokea Muscat. Alikaa kimya kwa aibu, yeye na yule binti wakawa hawaongei. Ningependa ampigie dada yake, amwombe radhi kwa maneno ya wazi, bila kusema "sikujua" zaidi ya mara moja. Yeyote aliyewahi kufanya hivi afanye hivyo. Mfiwa hukumbuka maisha yake yote namna alivyoambiwa, na kuombwa radhi, hata baada ya miaka mitano, kunampunguzia kitu.

Limebaki la yule ambaye zamu yake imefika, ambaye familia imemwambia: wewe ndiye utakayempigia. Usiandike "nipigie haraka". Maneno hayo yanamuua mtu kabla simu haijaita. Piga wewe. Kabla hujasema lolote, jua yuko wapi: anaendesha? Yuko kazini? Yuko na nani? Akiwa barabarani, mwombe aegeshe, akiuliza kwa nini, mwambie nataka tuzungumze umetulia. Ukiweza, mtangulize mtu karibu yake kama alivyofanya yule kaka, na mhimize aende upesi, maana siku hizi unashindana na simu nyingi. Kisha sema kwa neno lililo wazi: baba amefariki. Usizungushe kwa mafumbo mpaka aanze kukisia mwenyewe na kukuuliza ni nani kati ya watu anaowapenda. Akilia, usimwambie ajikaze. Akinyamaza, nyamaza naye, usikate. Mwulize nani yuko karibu, mwambie amwite, ongea na huyo aliyefika, mpe maelekezo ya safari na namba ya kupiga. Ukimsikia ameshikwa, ndipo ukate, umpigie anayefuata kwenye orodha.